Mtoto Asiyetoa Jasho Si Mvivu

Mazungumzo kuhusu uso kuiva na mwili kukosa jasho wakati wa joto au mazoezi, yaliyotolewa kwa wakazi katika mkutano wa hadhara wa kata kuelekea msimu wa michezo ya shule za msingi

  

Katika Kiswahili jasho lina heshima kubwa. Mtu mwadilifu husemwa kwamba anakula jasho lake. Aliyedhulumiwa ujira hulalamika kwamba ameporwa jasho lake. Wahenga nao walisema kwamba mchumia juani hulia kivulini, na hakuna anayechuma juani akabaki mkavu. Kwa hiyo macho ya jamii yamezoea kuliona jasho kuwa cheti cha bidii, na ukavu kuwa dalili ya uvivu. Mazoea hayo yana uzuri wake, ila yana mtego mmoja: wapo watu ambao mwili wao hauwezi kutoa jasho hata wakijitahidi kupita wengine wote. Wanapofanya kazi juani au kukimbia uwanjani, uso huiva, ngozi hubaki kavu, na joto huwapanda ndani kwa ndani. Wasipotambuliwa mapema, wanaweza kupoteza fahamu, na hata maisha.

Msimu wa michezo ya UMITASHUMTA unakaribia, na viwanja vya shule vimeanza kujaa watoto. Hivyo basi ni wakati mwafaka kwa kila mzazi, mwalimu na kocha kulifahamu jambo hili.

Mfano wa mtoto mmoja

Na afikiriwe mtoto wa darasa la nne. Asubuhi yu mchangamfu na darasani anafuatilia masomo. Ifikapo saa sita mchana, chini ya paa la bati, huanza kulala juu ya dawati. Wakati wa mchakamchaka hukimbia mzunguko mmoja, kisha hukaa kivulini na kukataa kuendelea. Akisukumwa, hulia. Mwalimu humwona kuwa mkaidi, wenzake humpa jina la utani, na nyumbani huambiwa kwamba hana moyo wa kazi kwa sababu hutoroka shambani jua likiwa kali na kwenda kujilaza mtoni.

Tangu uchanga wake mtoto huyo alikuwa na homa zisizokwisha. Kila mara alipelekwa zahanati, kipimo cha malaria kilitoa majibu hasi, na kila mara homa ilishuka aliporejea nyumbani jioni kukiwa na ubaridi. Nywele zake ni haba na nyembamba. Meno yake ni machache, na yaliyopo yamechongoka. Jirani mmoja amekwisha kunong'ona kuhusu laana, na mwingine ameanza kumtazama mama wa mtoto kwa jicho la shutuma.

Mfano huu haumlengi mtoto yeyote wa kata hii. Ni picha iliyounganishwa kutokana na dalili zinazofahamika vizuri katika tiba, na jina la hali yenyewe halina uhusiano wowote na laana wala uvivu. Ni kasoro ya kuzaliwa inayozuia tezi za jasho, nywele na meno kuumbika sawasawa. Mtoto anayekimbilia mtoni hajatoroka kazi. Mwili wake umemfundisha, kabla ya mtu mzima yeyote kumwelewa, mahali pa kuutafutia ubaridi unaoukosa.

Kazi ya jasho mwilini

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kwanza kujua jasho lina kazi gani. Mwili wa binadamu hufanya kazi vizuri ukiwa na joto la takribani nyuzi 37 za selsiasi. Misuli inapofanya kazi, sehemu ndogo tu ya nguvu inayotumika, takribani robo, ndiyo hugeuka kuwa mwendo. Zilizobaki, yaani takribani robo tatu, hugeuka kuwa joto. Mkulima anayeinua jembe na mtoto anayefukuza mpira wote wamebeba jiko dogo ndani ya mwili.

Mwili una njia mbili kuu za kulitoa joto hilo. Njia ya kwanza ni kupanua mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi, ili damu yenye joto ije juu na kupoa. Ndiyo sababu uso huiva wakati wa mazoezi, kwa kuwa ngozi ya uso ina mishipa hiyo kwa wingi. Njia ya pili ni jasho. Ngozi ya binadamu ina tezi za jasho kati ya milioni 2 na milioni 4. Jasho linapokauka juu ya ngozi huondoka na joto. Lita moja ya jasho likikauka lote huchukua joto linalotosha kuchemsha lita 7 za maji ya kawaida.

Neno la kuzingatia hapo ni kukauka. Jasho linalodondoka chini bila kukauka halipozi mwili. Ndiyo maana joto la pwani, ambako hewa imejaa unyevu, huchosha kuliko joto la kiwango hichohicho katika nyanda kavu. Pia ndiyo maana upepo mdogo huleta nafuu kubwa kwa mtu aliyelowa jasho. Hewa inayomzunguka mtu ikiwa na joto kuliko ngozi yake, njia ya kwanza hushindwa kabisa na jasho hubaki kuwa tegemeo pekee. Asiyekuwa na jasho katika hali hiyo hana tena mlango wa kutolea joto.

Ishara katika ngozi nyeusi

Vitabu vingi huandika kwamba mtu aliyezidiwa na joto huwa mwekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi. Mzazi anayesubiri kuuona anaweza kuchelewa.

Uso wa mtoto mwenye ngozi nyeusi aliyezidiwa na joto huonekana kuwa mweusi zaidi kuliko kawaida, umevimba kidogo na unang'aa, ila ukiguswa ni wa moto na mkavu. Wekundu hutafutwa ndani ya kope za chini, kwenye midomo, kwenye viganja na katika nyayo. Pamoja na hayo, kipimo bora ni mkono: kugusa paji la uso, juu ya mdomo, mgongoni na kwapani. Mtoto aliyekimbia dakika kumi juani anapaswa kuwa na unyevu katika sehemu hizo. Akiwa mkavu ilhali wenzake wamelowa, hapo pana la kuchunguzwa.

Mzazi mwenye shaka anaweza kumtazama mtoto baada ya kutembea kwa haraka asubuhi, kisha kumpangusa mgongo na kwapa kwa kitambaa safi na kikavu. Jambo hili lisifanywe kamwe kwa kumkimbiza mtoto juani kwa makusudi. Hospitalini kipo kipimo rahisi ambapo ngozi hupakwa dawa ya ayodini, kisha hunyunyiziwa unga wa wanga. Palipo na jasho hugeuka rangi ya bluu iliyokoza, na pasipo na jasho hubaki vilevile.

Waliozaliwa na hali hiyo

Hali ya kuzaliwa iliyotajwa katika mfano ni nadra, lakini haina mipaka ya nchi wala kabila. Mwaka 1875 mwanasayansi wa Uingereza, Charles Darwin, aliandika kuhusu ukoo mmoja wa Sindh, eneo ambalo leo limo Pakistan. Katika vizazi vinne, wanaume 10 wa ukoo huo walikuwa na meno machache, walipata upara mapema, na waliteseka sana wakati wa joto kwa sababu ya ukavu wa ngozi. Darwin alieleza pia kwamba mabinti wa ukoo huo hawakupatwa, ila waliwarithisha watoto wao wa kiume. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1996, wataalamu walitambua chembe ya urithi inayohusika na aina iliyo ya kawaida zaidi ya hali hiyo.

Kwa kuwa chembe hiyo hupitia kwa mama mara nyingi, zipo familia ambamo lawama zote hutupiwa mwanamke. Lawama hizo hazina msingi. Hakuna mtu anayechagua chembe atakazomrithisha mwanawe, kama asivyochagua urefu wala umbo la pua. Mama mwenyewe huenda ana dalili ndogo ambazo hajawahi kuzitilia maanani, kama vile jino moja au mawili ambayo hayakuota, au sehemu za ngozi zisizotoa jasho. Zipo pia aina nyingine zinazorithiwa kutoka kwa baba na mama kwa pamoja, na nyakati nyingine mtoto huwa wa kwanza katika ukoo mzima kuwa na hali hiyo.

Dalili za kuziangalia ni hizi: nywele haba za kichwani na nyusi nyembamba, meno machache au yaliyochongoka, au meno yanayochelewa mno kuota, ngozi kavu, yenye mikunjo na weusi kuzunguka macho, macho makavu, pua inayoziba kwa makamasi mazito, na homa za mara kwa mara zisizo na chanzo. Akili ya watoto wengi wa aina hii haina kasoro. Wakipewa maji, kivuli na mwalimu anayeelewa, husoma na kukua kama wenzao.

Miaka ya hatari zaidi ni ya uchanga, kwa sababu mtoto mchanga hawezi kusema kwamba anaungua ndani, wala hawezi kujivua blanketi. Desturi ya kumfunika mtoto nguo nyingi hata wakati wa joto inaweza kumdhuru. Hata hivyo, mzazi asifikie uamuzi peke yake kwamba homa ya mtoto inatokana na kukosa jasho. Kila homa ya mtoto mdogo ipelekwe zahanati na malaria ipimwe. Majibu yakiwa hasi kwa kurudiarudia, na homa ikawa inashuka kwa maji na kivuli, mzazi amweleze mganga habari hiyo yote.

Waliopatwa ukubwani

Wapo pia watu waliokuwa wakitoa jasho vizuri, kisha wakaacha. Kwao jambo hilo ni ujumbe kutoka mwilini, na ujumbe huo unastahili kusikilizwa.

Wa kwanza kutajwa ni ukoma. Ugonjwa huu hushambulia mishipa ya fahamu iliyo katika ngozi, na mishipa hiyo ndiyo huamuru tezi za jasho. Baka la ukoma huwa na rangi iliyofifia au nyekundu kuliko ngozi ya jirani, halina hisia likiguswa kwa pamba, na mara nyingi halitoi jasho. Mtu anayerudi shambani akiwa amelowa mwili mzima isipokuwa baka moja lililobaki kavu na lenye vumbi asisubiri. Ukoma unatibika. Dawa zake hutolewa bila malipo, na matibabu huchukua miezi 6 au 12 kulingana na aina ya ugonjwa. Anayewahi hupona bila ulemavu. Anayejificha hupoteza vidole na hisia ambazo dawa haiwezi kuzirudisha. Aliyeanza dawa haambukizi wengine, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtenga.

Wa pili ni kisukari cha muda mrefu. Sukari isiyodhibitiwa huharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Nyayo huacha kutoa jasho, hukauka na kupasuka, na nyufa hizo huwa milango ya vidonda. Wakati mwingine sehemu ya juu ya mwili hutoa jasho jingi kupita kiasi, kana kwamba inafidia ukavu wa chini.

Wa tatu ni vipele vya joto, au harara. Matundu ya jasho yakiziba, jasho hubaki chini ya ngozi na kuwasha. Kwa kawaida harara si hatari, ila ikienea mwili mzima hupunguza uwezo wa mwili kujipoza, hasa kwa mtoto mchanga.

Umri nao una nafasi yake. Wazee hutoa jasho pungufu, na kiu yao huchelewa kujitokeza. Mzee anayeshinda ndani ya nyumba ya bati asiulizwe tu kama ana kiu, apewe maji.

Ipo pia hali adimu ambapo nusu moja ya uso huiva na kutoa jasho wakati wa mazoezi, huku nusu nyingine ikibaki kavu na isiyobadilika rangi, kana kwamba mstari umechorwa katikati ya paji la uso. Mara nyingi haina madhara. Hata hivyo, ikianza ghafla kwa mtu mzima, na hasa ikiambatana na kope la jicho moja kulegea au mboni kuwa ndogo, mgonjwa apelekwe hospitali, kwa kuwa mshipa wa fahamu wa shingoni au kifuani unaweza kuwa umebanwa.

Dawa na mimea

Baadhi ya dawa huzuia jasho. Miongoni mwake ni amitriptilini, promethazini ya mzio, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na zile zinazotolewa kupunguza mtetemeko unaosababishwa nazo, pamoja na topirameti inayotumika kwa kifafa. Dawa hizi ni muhimu, na hakuna anayepaswa kuziacha bila ushauri, maana kifafa au ugonjwa wa akili uliorudi ni hatari kubwa kuliko joto. Kinachotakiwa ni mgonjwa na familia yake kujua kwamba anapotumia dawa hizo kazi nzito ya mchana wa jua kali haimfai, na kumwambia mganga endapo ameona mwili hautoi jasho.

Mmea wa kuogopwa ni datura, gugu linaloota kandokando ya mashamba, kwenye mazizi na majalalani. Maua yake ni meupe mithili ya tarumbeta, na tunda lake ni la mviringo lenye miiba. Sumu yake huzuia jasho. Aliyekula huiva uso, hukauka ngozi na mdomo, mboni za macho hupanuka, moyo hwenda mbio, kisha huweweseka. Mwaka 2019, katika eneo la Karamoja nchini Uganda, unga wa msaada uliochanganyika na sumu ya mimea ya jamii hiyo uliwadhuru mamia ya watu, na watu 5 walifariki. Mbegu zake ni ndogo na huvunwa kwa bahati mbaya pamoja na nafaka. Wakulima wanashauriwa kuling'oa gugu hili kabla halijatoa mbegu, kupepeta nafaka kwa uangalifu, na kuwakataza watoto kuchezea matunda yake.

Si kila uso mwekundu umezidiwa na joto

Watu wenye ualbino huwa wekundu usoni wanapokaa juani, lakini sababu ni tofauti. Tezi zao za jasho ni nzima. Kinachowaumiza ni miale ya jua inayounguza ngozi isiyo na rangi ya kuilinda, na madhara yake ya baadaye ni saratani ya ngozi. Kwao kivuli, kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kuzuia miale ni kinga ya kila siku. Mafuta ya aina hiyo hutengenezwa hapa nchini, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi. Mwalimu asimwache mwanafunzi mwenye ualbino asimame mstarini juani kwa kuwa tu anatoa jasho kama wengine.

Vilevile, uso kuiva kidogo baada ya mbio, huku jasho likitoka na mtoto akizungumza vizuri, ni jambo la kawaida. Hupoa baada ya kupumzika.

Hatua za dharura

Joto la mwili likizidi nyuzi 40 na mtu akaanza kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura ambayo wataalamu huiita kiharusi cha joto. Dalili ni kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka, kutapika, degedege au kuzirai. Ngozi yaweza kuwa kavu na ya moto. Hata hivyo, mtu aliyezidiwa akiwa katika mbio au kazi nzito anaweza kuwa bado amelowa jasho. Kwa hiyo jasho lisimdanganye mtu yeyote. Kuchanganyikiwa ndiyo ishara kuu.

Kanuni ni moja: poza kwanza, safirisha baadaye. Mgonjwa ahamishiwe kivulini na avuliwe nguo za ziada. Amwagiwe maji mwili mzima, maji baridi yakiwa bora zaidi, na apepewe kwa khanga, daftari au chochote kilicho karibu. Vitambaa vilivyolowa viwekwe shingoni, kwapani na kwenye manena, na vibadilishwe kila vinapopata joto. Likiwapo beseni kubwa au pipa la maji, mwili uzamishwe huku kichwa kikishikiliwa juu. Mtu mwingine atafute usafiri na kupiga simu zahanati wakati upozaji ukiendelea, na upozaji uendelee hata njiani.

Yapo na ya kuepuka. Aliyezirai asinyweshwe kitu, maana atapaliwa, alazwe ubavu. Paracetamol haisaidii joto la aina hii. Mgonjwa asifunikwe blanketi, wala watu wasimzunguke na kumzibia hewa. Aliye na fahamu kamili anyweshwe maji kidogo kidogo, au maji yenye chumvichumvi ya ORS.

Shuleni na nyumbani

Kwa mtu asiyetoa jasho lipo jasho la kuazima, nalo ni maji. Shati lililoloweshwa hufanya kazi ileile ya jasho: maji yakikauka huondoka na joto. Mtoto wa aina hii aruhusiwe kulowesha shati na kichwa kila inapohitajika, na awe na chupa ya maji ya kunywa na ya kujimwagia. Aketi karibu na dirisha au chini ya upande wa paa wenye kivuli. Ikumbukwe kwamba kumpepea akiwa mkavu katika joto kali hakumsaidii sana. Sharti alowe kwanza.

Michezo asinyimwe. Acheze asubuhi au jioni, kwa vipindi vifupi, apumzike na kulowa katikati. Anaweza kuwa mshika bendera, mtunza alama, mlinda mlango wa dakika chache au mwogeleaji mahiri. Mtoto aliyetengwa na michezo kwa sababu ya huruma huumia karibu sawa na aliyelazimishwa kwa ukali.

Kwa watoto wote, mazoezi ya mchakamchaka na mbio ndefu yafanyike kabla ya jua kuwa kali, na maji ya kunywa yawepo uwanjani. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto. Wanafunzi wanaotoka nyanda za juu zenye baridi kwenda kushindana mahali pa joto wasikimbizwe kwa nguvu zote siku ya kwanza. Adhabu ya kuzunguka uwanja mchana iachwe. Mwalimu hawezi kujua kwa macho nani kati ya watoto hao 50 hana tezi za jasho. Kamati za shule nazo zikumbuke kwamba mti uliopandwa leo kando ya darasa ni huduma ya afya kwa watoto wa miaka 10 ijayo.

Pa kwenda

Hatua ya kwanza ni zahanati ya kijiji. Mzazi aende na maelezo kamili: joto lilipanda lini, mtoto alikuwa wapi, lilishuka kwa njia gani, na nani mwingine katika ukoo ana meno machache au ngozi isiyotoa jasho. Mganga akiona haja atatoa rufaa kwenda kituo cha afya au hospitali, ambako ngozi, meno na macho vitachunguzwa. Meno ya bandia humwezesha mtoto kutafuna na kutamka vizuri, na hayana sababu ya kusubiri utu uzima.

Hatua ya pili ni shule. Mzazi apeleke maelezo ya maandishi ya mganga kwa mwalimu mkuu, ili mwalimu wa zamu, mwalimu wa michezo na kiranja wa darasa wote wajue. Karatasi hiyo moja inaweza kumwepusha mtoto na adhabu, kejeli na hatari ya kupoteza uhai.

Hatua ya tatu ni jirani. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii hupita kaya kwa kaya. Aonaye mtoto mwenye dalili zilizotajwa na asiyejua pa kuanzia, amwambie mhudumu huyo. Aonaye mama akisemwa vibaya kwa ajili ya maumbile ya mwanawe, asinyamaze.

Ndugu wananchi, methali ya mchumia juani itabaki kuwa kweli, na jasho litaendelea kuheshimiwa katika kata hii. Lakini kabla mtu hajamhukumu mtoto mkavu aliyeketi kivulini, na aunyooshe mkono na kumgusa paji la uso. Likiwa la moto, ampe maji kwanza. Maswali yatafuata baadaye.